Kitako cha Sado

Mtu aingiaye Tunduma kwa barabara kuu itokayo Mbeya, saa za alfajiri, kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya Mpemba, hulakiwa na malori kabla hajalakiwa na watu. Yamesimama ubavuni mwa njia, moja nyuma ya jingine, haya yamebeba mbolea na mafuta ya kwenda Zambia na Kongo, na yale yaliyovuka usiku yamebeba shaba ya kuteremshwa bandarini Dar es Salaam. Na pembeni mwa kila lori dereva au utingo wake amejikunyata mbele ya jiko la mkaa, akichemsha maji ya chai na ya kunawia uso katika sufuria moja. Adhana husikika upande mmoja wa mji, kengele ikajibu upande wa pili, na katikati ya sauti hizo mbili wabadilisha fedha wameshaamka, mikono imejaa kwacha na shilingi, wakimwita kila apitaye kana kwamba ni ndugu yao wa siku nyingi.

Safari ndiyo iliyouzaa mji huu. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, huvukia hapa kuingia Zambia. Na mwaka 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walikuja kufungua kituo cha pamoja cha forodha, ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake Vwawa, lakini Tunduma ilikuwa imekwisha kuwa mji wa wapitaji zamani. Hapa mtu aweza kupanga chumba Sogea au Majengo akakaa miaka mitatu asijulikane jina la baba yake. Aweza kuwa na mke Nakonde na mke Tunduma, akawa mzee wa kanisa upande mmoja na mlevi upande wa pili, na mstari unaozitenga tabia zake mbili ni barabara ya kuvukwa kwa miguu. Tukitaka kuijua imani iliyo safi, jinsi inavyozaliwa na jinsi inavyolelewa, haitufai sana kuitafuta katika kijiji tulivu ambamo kila mtu humjua kila mtu, na ambamo wema wenyewe waweza kuwa ni woga wa majirani tu. Na tuitafute hapa, mahali ambapo mtu akipenda kudanganya ana nafasi, ana faida, na hana wa kumwuliza.

Wazee wa pwani wana neno zuri katika jambo hili, nalo ni ikhlasi. Wamelipokea kutoka Kiarabu pamoja na maneno mengine mengi ya ibada, na maana yake ya asili ni usafi wa kitu kisichochanganywa na kingine, mfano wa asali isiyotiwa maji. Hasimu yake ni ria, yaani kutenda jema ili uonwe. Sisi Wakristo wa bara hatulitumii neno hili kwa wingi. Twasema unyofu wa moyo, au imani isiyo na unafiki. Lakini mimi nalipenda, kwa sababu linanikumbusha kwamba imani yaweza kuwapo kweli na bado ikawa imetiwa maji. Asali iliyotiwa maji haikosi kuwa na asali ndani yake. Aliyeionja peke yake, tangu utotoni, hana la kuilinganisha nalo, naye hufa akisema kuwa asali ndivyo ilivyo.

Nilifunzwa jambo hili sokoni, mbali na mimbari.

Katika masoko yetu nafaka hupimwa kwa sado. Ni ndoo ndogo ya plastiki iliyokuja kwanza na rangi ya nyumba, ikaliacha jina la rangi hiyo katika lugha yetu, na sasa maharage, mchele, ulezi na dagaa hupimwa kwayo kutoka Tunduma hadi Mwanza. Mchuuzi huijaza, hupiga mlima juu yake, humwaga katika mfuko wa mnunuzi, na mwenye murua huongeza konzi moja ya nyongeza. Lakini kuna hila inayojulikana na wote, nayo ni kukipasha moto kitako cha sado mpaka kilainike, kisha kukisukuma kwa ndani kifanye kichuguu. Mlima wa juu utaonekana mkubwa, macho ya mnunuzi yatashiba, na hasara itakuwa imekaa chini, gizani, ambako hakuna atazamaye.

Yuko mama mmoja, mtu mzima, auzaye maharage ya njano na ya soya upande wa soko unaokaribiana na stendi. Kabla ya kumpimia mtu yeyote, hata mtoto aliyetumwa, huipindua sado kiganjani, hugonga kitako chake mara mbili kwa konzi ya kidole, kisha humpa mnunuzi aishike. Hasemi neno. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi nikadhani ni mazoea ya biashara, hata siku moja nikathubutu kumwuliza.

“Mwanangu,” alisema, “zamani nilikuwa nayo iliyobonyea. Jirani yangu wa jumuiya alipofiwa na mumewe alituma kwangu maharage ya msibani, sado kumi. Yakapungua, watu wa mbali wakala ugali kwa mboga za majani. Hakunisema, wala hakujua. Jumamosi moja zamu ya sala ikawa kwangu. Akaja, akakaa mkekani, karibu nami kama wewe ulivyo, akaiombea nyumba yangu baraka. Mimi sikuweza kuinua uso.”

Nikamwuliza alifanyaje. Akajibu kwamba jioni ile aliitia sado motoni, na Jumatatu akampelekea mjane maharage yaliyopunjwa na mengine juu yake, akamweleza. Zaidi ya hapo hakutaka kuendelea, kwa kuwa alikuja mnunuzi.

Nimelitafakari tukio lile muda mrefu kuliko hotuba nyingi nilizozisikia, nami nimeridhika kwamba ndani yake mna jibu la shaka iliyokuwa ikinisumbua. Bwana wetu alitufundisha tusali tumefunga mlango, tutoe sadaka bila kupiga tarumbeta. Basi, nilikuwa nikijiuliza, kama ikhlasi ni siri baina ya mtu na Mungu wake, jumuiya ni ya nini? Mama yule alinionyesha kwamba sala ndiyo ifungiwayo mlango, na kipimo ndicho kinachohitaji shahidi. Tumezoea kuyageuza mambo haya mawili: sala zetu twazipaza kwa vipaza sauti hata mtaa wa pili usilale, na vitako vya vipimo vyetu twavificha.

Habari ya Zakayo, ambayo Luka peke yake ameiandika, ingaliweza kuwa habari ya Tunduma. Yeriko nao ulikuwa mji wa njia kuu na ushuru, na yule mkubwa wa watoza ushuru alikuwa tajiri kwa namna ambayo kila mtu aliifahamu. Yesu aliingia nyumbani mwake, watu wakanung’unika nje, na mwenye nyumba akasimama. Angalieni alichokisema. Hakusema kwamba moyo wake umejaa furaha, ingawa bila shaka ulijaa, alitaja hesabu. Nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne. Wokovu ulipofika katika nyumba ile ulikuja na tarakimu, na tarakimu hizo zilitamkwa mbele ya watu wenye haki ya kuzidai kesho asubuhi, maana dhuluma yenyewe iliwafika wao.

Najua kwamba mpakani maswali hayawi mepesi hivyo sikuzote. Kijana mmoja aendeshaye bodaboda aliniuliza ikiwa ni dhambi kumvushia shangazi yake kilo mbili za sukari kwa njia ya panya, ilhali shangazi huyo yu upande wa pili wa mtaro na wamekula sahani moja tangu azaliwe. Sikumjibu kwa haraka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Ulaya, walikubaliana juu ya mstari baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mstari huo ukawapita Wanyamwanga katikati kama kisu katika mkate, ndugu huku na ndugu huko, bila mmoja wao kuulizwa. Mtu asimwite shangazi yake mgeni kwa ajili ya karatasi ile. Nilimwambia kijana kwamba sukari ya shangazi hainitishi. Kinachonitisha ni ule uongo mdogo amwambiao askari njiani, kwa kuwa uongo una desturi ya kukua, na baada ya kilo mbili za shangazi huja mifuko ishirini ya tajiri, yenye uongo ule ule uliokwisha kuzoea kinywa.

Tena mstari ule uliotenga watu haukuitenga Injili. Katika miaka ile ile ya mwisho ya karne ya 19, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikaa Mwenzo, karibu na mahali ilipo Nakonde leo, na upande wetu Wamoraviani wa Kijerumani, waliokuwa wamefika Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899 kwa mkono wa Traugott Bachmann. Habari za mtu huyu zastahili kutufikirisha. Alikuja kama walivyokuja wengi, na kipimo cha kwao mkononi, akawapima Wanyiha kwacho. Lakini alikaa. Alijifunza Kinyiha, alisikiliza wazee wakieleza ndoa, mazishi na mambo ya wahenga wao, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoanza kuona kwamba si kila kilicho kigeni kwake kilikuwa dhambi mbele ya Mungu. Wenzake walimlaumu kwa hayo, na alipoandika habari za maisha yake alikipa kitabu jina lenye maana ya kwamba aliwakwaza wengi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ukaguzi wa kitako cha sado: mwalimu aliigeuza sado yake mwenyewe akakuta imebonyea.

Agano Jipya la Kinyiha, kazi ya Bachmann na Wanyiha waliomsaidia, lilipigwa chapa mwaka 1913. Wapo wasemao leo kwamba kazi ile haina faida tena, kwa vile kila mtu ajua Kiswahili. Sikubaliani nao. Mtu hujadili bei ya ng’ombe katika lugha aliyonyonya nayo. Humtukana mkewe katika lugha hiyo, huapa kwayo, na uongo wake wa kwanza utotoni aliusema kwayo. Toba isiyowahi kutamkwa katika lugha ya makosa yaweza kubaki kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni tu, asiyejua jikoni pakoje.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, na mwaka 1916 Wajerumani walipoondolewa, mikusanyiko ya Mbozi na Unyakyusa ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapa, chini ya uangalizi wa mbali wa Waskoti. Hapakuwa na mzungu wa kumpendeza, hapakuwa na mshahara wa uhakika, na njaa na maradhi vilifuata majeshi. Aliyeendelea kukusanya watu Jumapili katika miaka ile alikuwa na sababu moja tu ya kufanya hivyo. Kanisa tulilolirithi lilipitishwa katika chekeche ile, nasi twapenda kusimulia habari za waanzilishi waliotoka ng’ambo tukawasahau hao waliolishika likiwa halina kitu.

Wamoraviani wenyewe walikuwa wamejifunza mapema kwamba imani haihifadhiki bila majirani. Huko Herrnhut, katika shamba la Bwana Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakimbizi wa dini waliokuwa wakigombana walipatanishwa mwaka 1727, wakajigawa katika vikundi vidogo vya watu wachache waliofunguliana mioyo. Na mwaka uliofuata wakaanza desturi ya neno la siku, yaani asubuhi mmoja wao alizunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba zilikuwa 32, akipeleka fungu moja la Maandiko na kuwauliza wenye nyumba hali zao. Desturi hiyo ikageuka kitabu kinachopigwa chapa kila mwaka tangu 1731 hata leo, nami nakithamini. Ila nasikitika kwamba kitabu kimebaki na miguu ya yule mtembeaji imepotea. Fungu lile lilipopelekwa na mtu, liliona pia kwamba jivu la jikoni ni baridi, kwamba mtoto anakohoa, kwamba mume hakulala nyumbani.

Miguu hiyo naiona ikirudi katika jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa mwaka 1976 mjini Nairobi, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kazi ya kwanza ya uchungaji, na makanisa mengine yana mikusanyiko ya namna hiyo kwa majina yao. Asiyeijua na aamke Jumamosi saa kumi na mbili, afuate sauti za wanawake wanaobisha hodi mtaani Kaloleni. Atakuta mkeka, viti viwili vya wazee, mshumaa juu ya stuli iliyofunikwa kitambaa, Biblia moja inayopokezanwa na mtoto asomaye vizuri kuliko wakubwa. Baada ya sala huja mambo yenyewe: nani mgonjwa, nani amejifungua, nani hajaonekana wiki mbili. Katibu huandika katika daftari lililokunjika pembe. Ndipo mpangaji wa Sogea asiyejulikana jina la baba yake huulizwa jina la baba yake, na tangu siku hiyo anaye mtu wa kumkosa asipokuwapo.

Lakini ni wajibu kusema penye kasoro. Ziko jumuiya zilizogeuka madaftari ya michango, ambamo maskini huogopa kufika kwa kuwa jina lake lina deni la ujenzi, la harusi na la sikukuu, na kwangu mimi jumuiya inayomfukuza mjane kwa aibu ya shilingi elfu mbili ingekuwa heri ivunjwe ianzwe upya. Pia iko mikutano mikubwa, yenye maturubai na taa, iahidiyo mali kwa maji na mafuta yanayouzwa kwa chupa. Siyakatai machozi yamwagikayo pale, kwani mtu aliyeelemewa hulia popote apatapo nafasi. Ila machozi ya usiku mmoja, miongoni mwa watu elfu wasiokujua, hayana wa kuyafuatilia. Asubuhi turubai huvunjwa, na sado ipo pale pale sokoni.

Imenibakia habari moja, nayo ni yangu.

Miaka ile nilipokuwa nikinunua mahindi Mbozi na kuyauza mpakani, nilinunua kama wengi walivyonunua, kwa lumbesa. Gunia la haki ni debe sita. Sisi tulilishindilia, tukalishonea kilemba cha wavu juu, likameza debe la saba, na bei ikabaki ya gunia moja. Serikali imekataza, nasi tulijua kuwa imekataza. Mzee mmoja aliniuzia magunia 12 ya namna hiyo mlangoni mwa stoo yangu, akaangalia kilemba kikishonwa, asiseme kitu. Nilikuwa mhudhuriaji mwema wa ibada wakati ule, na sadaka yangu ilikuwa katika bahasha yenye jina langu.

Baadaye nilisoma habari za uamsho ulioanza Ruanda na Uganda, jinsi mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walivyoketi siku mbili juu ya kilima cha Namirembe wakiyachunguza Maandiko, na jinsi katika miaka iliyofuata walokole walivyoonekana njiani, kutoka Gahini hata Buhaya, wakirudisha vitu: jembe, mbuzi, fedha ya bwana aliyeibiwa akiwa hana habari. Sikuhitaji mhubiri wa kunifasiria. Nilifanya hesabu: debe 12 zilizozidi, yaani magunia mawili kamili. Nikatia fedha katika mfuko wa shati, nikapanda gari la Vwawa.

Nilimkuta mzee chini ya mibuni yake, akipukuchua mahindi ya mbegu katika ungo. Nikamwamkia, nikaketi juu ya kinu kilicholala, nikasema nilichokuja kusema, nikimpa fedha kwa mikono miwili. Hakuzipokea upesi. Alizitazama, akanitazama, kisha akainuka akaelekea mlango wa jiko, akamwita mkewe, akawaita na vijana wawili waliokuwa wakikata majani ya ng’ombe, na wote wakaja wakasimama.

“Mwanangu,” akaniambia, “yarudie maneno hayo hawa wayasikie. Mwaka ule tulipima debe 84 hapa uani, wote wakihesabu. Magunia 14. Nami nikarudi na fedha za magunia 12. Tangu siku hiyo mama yao ajua kwamba mengine nilikunywa.”

Nikasimama, nikamgeukia yule mama, nikaanza tena tangu mwanzo.